Posa ya Chipsi

Msomaji, teremsha sasa ile pumzi uliyoishika tangu Jumamosi iliyopita. Kijiko cha Kiunga bado kiko hewani, chipsi zinachuruza mafuta, na Madam Maxine wa kaunti ameinua macho kutazama dari.

"Kwii," dari ikalia tena. "Kwii, kwii."

Kama ndio unajiunga nasi leo, karibu, usione haya. Kiunga ni kijana wa chipsi pale soko la Kianjai. Kaunti ilipopiga marufuku ile mikebe myeupe ya foam, ile ambayo kila mtu huiita takeaway, Kiunga aliapa mbele ya Maxine, mkono kifuani, kwamba hana hata mmoja. Kumbe magunia ya mikebe yalikuwa yamelala darini, juu ya kichwa chake, maana moyo ulikataa kutupa mali. Na Maxine kwake si afisa tu. Ndiye msichana aliyempenda tangu wakikaa benchi moja kwenye mafunzo ya kanisa, na hajawahi kumwambia. Bahati mbaya, Maxine huchukia foam, na humchukia mwongo mara mbili zaidi.

"Ni nini hiyo inalia?" Maxine akauliza.

"Paka, madam."

"Paka anasema kwii?"

"Ni paka wa Ahmednoor. Amekuwa mgonjwa."

Maxine akarudisha kalamu mfukoni. "Kiunga, mimi nimeshika foam kutoka Maua mpaka Timau. Foam ikikwaruzana na foam, hata nikiwa usingizini naamka. Lete ngazi."

Wateja wakaacha kutafuna. Kiunga akatoka nje.

Ngazi ilikuwa kwa jirani, Ahmednoor, mwenye duka la thermosi na mashuka, na gari la Probox la kubebea miraa. Ahmednoor ni mzaliwa wa Maua na Kimeru chake huwashinda Wameru wengine.

"Ndugu yangu, nimekwisha," Kiunga akasema. "Anataka kupanda darini."

"Kwani hukutupa?"

"Ningetupaje mali?"

"Si uliniambia umeachana nazo?"

"Niliachana nazo. Sikusema zimeondoka."

Ahmednoor akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeanguka shimoni. Kisha akatazama juu. Vyumba vya soko lile vimejengwa mstari mmoja, kuta zinaishia kwenye mbao, na dari ni moja toka mwanzo hadi mwisho. Panya wa pale hutembelea wapangaji wote bila kushuka.

"Beba ngazi," Ahmednoor akasema. "Lakini beba vibaya. Gonga kila kitu. Mimi nayavuta magunia upande wangu."

Kiunga akabeba vibaya kuliko alivyoagizwa. Ngazi iligonga mlango, ikagonga sufuria, ikaangusha chupa ya pilipili, ikarudi nyuma ikagonga mlango tena.

"Kiunga," Maxine akasema, "hiyo ngazi inaingia ama inazaliwa?"

Wateja wakacheka. Hatimaye ngazi ikasimama, na Maxine akapanda na viatu vyake vya kazi. Akasukuma ubao, kichwa kikazama darini. Kiunga akaanza sala ya kwanza iliyomjia, ambayo ilikuwa ya kubariki chakula.

Maxine akashuka.

"Hakuna gunia," akasema.

"Nilikwambia, madam, mimi ni mtu wa..."

"Hakuna gunia. Lakini hii ni nini?" Kwenye ncha ya kidole chake palikuwa na vipunje vyeupe, na vingine vilikuwa vimenasa kwenye nywele.

"Ugali, madam."

"Ugali. Darini."

"Panya wa hapa wanakula vizuri."

Hapo Maxine nusura acheke. Pembe ya mdomo ilipanda, akaing'ata ishuke. Kiunga aliiona, na masikini ya Mungu, akasahau kwamba yumo hatarini. Mapenzi humfanya mtu mzima aone kicheko cha nusu kama ahadi.

"Sikiliza," Maxine akasema, sauti imeshuka. "Leo baba ana wageni wazee. Sijui ni wageni gani, ameniambia tu nitafute chakula kizuri. Naagiza kwako. Kuku na chipsi, saa nane, nyumbani. Nikifika nisikute foam, nisikute nailoni, nisikute kitu hakiozi. Nikikuta, nitajua wewe ni mtu wa aina gani."

"Na usipokuta?"

Maxine akampa jicho refu. "Nisipokuta, nitajua pia."

Akaingia kwenye pikapu ya kaunti, akawasha mwenyewe, akashika barabara ya Kangeta. Kiunga akabaki ameshika ngazi kama ameshikwa nayo.

Sasa kufunga. Kiunga alijaza chipsi kwenye mfuko wa karatasi. Karatasi ikanywa mafuta, ikalegea, ikapasuka. Akajaribu mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, chini kukafunguka, kuku akaanguka sakafuni. Karatasi ya foili ilikuwa imekwisha soko zima, maana tangu marufuku hiyo kila mwenye kibanda aliikimbilia. Saa ilikuwa inakwenda na kuku anapoa.

Nyuma ya kibanda kuna mgomba.

Kiunga alikulia Kangeta kwa mjomba wake, akifunga miraa tangu hajaota ndevu. Mikono ya mtu hufanya ilichofundishwa, na mikono ya Kiunga ilifundishwa kazi hiyo tu kabla ya chipsi. Alikata majani mapana, akayapitisha juu ya moto wa jiko yalainike, akayapanga, akamwaga chipsi, akalaza kuku, akatia kachumbari, akakunja, akakaza na kamba ya mgomba. Na kwa kuwa ni chakula cha babake Maxine, hakufunga lile bunda la sokoni. Alifunga refu, nono, mafundo yamepangwa, lile ambalo mjomba wake alikuwa akilifunga mara chache sana na kwa kunyamaza.

Wasomaji wangu wa Igembe na Tigania, najua mmeshashika vichwa. Tulieni, wengine hawajafika.

Akavaa shati safi. Ahmednoor akavaa koti lake la kwenda benki, wakaingia kwenye Probox, bunda juu ya mapaja ya Kiunga likitoa mvuke.

"Magunia uliyaweka wapi?" Kiunga akauliza walipoacha lami.

"Mahali hata malaika hatafuti."

"Wapi?"

"Fikiria wewe. Watu wa kaunti wanapekua duka, wanapekua stoo, wanapekua hata chini ya kitanda. Ni wapi hawapekui?"

Kiunga akafikiria. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Ahmednoor. Usiniambie."

"Yeye alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari. Pikapu iko pale nje, wazi nyuma, ina turubai. Nikapanga, nikafunika, nikafunga kamba."

"Umeweka foam kwa gari la Maxine!"

"Kwa muda tu."

"Kesho asubuhi gari hilo linakaguliwa yadi ya kaunti! Foam ambayo haijaandikishwa! Watasema ananyang'anya watu halafu anauza!"

Ahmednoor akapunguza mwendo. Akawaza. "Hiyo," akasema, "sikuifikiria."

"Atafutwa kazi!"

"Hatafutwa. Akifika kwao, wewe mshike kwa maneno, mimi navuta magunia. Kwani huna maneno?"

Maneno ndiyo kitu ambacho Kiunga hajawahi kuwa nacho mbele ya Maxine, lakini walikuwa wameshafika langoni.

Mzee Kailemia, babake Maxine, alikuwa ameketi uani na wazee wenzake, wote wamevaa makoti na kofia kama watu wanaosubiri jambo. Walipoona kijana wa shati safi amebeba bunda kwa mikono miwili, na mbele yake mtu wa makamo aliyevaa koti, wakasimama wote kwa pamoja.

Ni vizuri sasa niwaeleze wale waliokuwa hawajafika. Kwa Wameru wa upande huu, mtu akitaka binti haanzi na maneno. Hupeleka bunda la miraa, refu, la heshima, limefungwa kwa majani ya mgomba. Wazee huliita ncoolo. Kijana hulibeba, msemaji huongoza. Wenyeji wakilifungua na kutafuna kilichomo, wamekubali. Wakilirudisha limefungwa, kijana na akatafute kwingine. Na siku hiyo Mzee Kailemia alikuwa anasubiri bunda la namna hiyo kutoka kwa mtu wa Timau aitwaye Kiambi, ambaye alikuwa amezungumza naye kwenye simu tu. Hakuwa amemwambia mkewe, sembuse binti.

"Muga," Ahmednoor akasalimu.

"Muga, muga! Karibuni!" Mzee Kailemia akajibu. "Tulidhani mmepotea njia."

"Tusamehe, mzee," Kiunga akasema. "Kufunga ndiko kulinichelewesha."

Mzee Hezekiah, mkubwa wa wote pale, akasogea akapinda mgongo. "Umefunga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Baite, wazee wenzangu, mnasikia? Siku hizi vijana wanalipa mtu awafungie. Hebu angalia hii fundo. Hii fundo mimi niliona kwa babu yangu."

Kiunga akavimba kwa furaha. Hakuna mteja aliyewahi kumsifia mfuko. "Afadhali mfungue ikiwa bado moto," akasema.

Wazee wakatazamana.

"Anamaanisha imechumwa leo," Hezekiah akawaeleza. "Kijana, keti."

Wakafungua kwa adabu, fundo baada ya fundo. Mvuke ukapanda. Mzee Kailemia akaingiza mkono ndani ya majani, akautoa, akatazama alichokishika.

"Hii ni mguu ya kuku," akasema.

Mzee mmoja akavua kofia.

"Ni matusi," akasema huyo.

"Si matusi," mwingine akajibu. "Hao ni watu wa Timau. Huko ni baridi, ni ngano tu, miraa hakuna. Mtu analeta kile iko kwao."

"Tangu lini ncoolo ikakuwa na viazi?"

"Na wewe tangu lini ukakuwa na meno? Miraa ilikushinda juzi kwa matanga, ukaweka mfukoni, ukajifanya unatafuna."

Wote wakamgeukia Hezekiah. Mzee akachukua chipsi moja, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka mdomoni. Akatafuna polepole, macho yamefumba.

"Jani ndio mila," akatoa hukumu. "Ndani ni mambo ya kila mtu na meno yake."

Basi wakala! Jamani, wazee walikula. Mifupa ilivunjwa, majani yalipanguswa, kachumbari ikanywewa kama supu. Kiunga alisimama kando akitabasamu kama bibi harusi.

"Mmependa?" akauliza.

"Tumependa," Mzee Kailemia akasema huku akijipangusa kidevu. "Tumekubali."

"Asanteni sana, wazee. Mkinitaka hata kesho naleta."

"Kesho! Kijana, haraka ya nini? Kwanza mbuzi."

"Mbuzi?"

"Na blanketi ya mama. Na asali."

Kiunga akajikuna. "Wazee, nisiwadanganye. Mimi nina kuku na chipsi. Siku za soko naongeza soseji."

Wazee wakacheka mpaka wakapigana mabega, wakasema kijana ana utani, atafaa. Ahmednoor hakucheka. Alikuwa amehudhuria harusi nyingi za Wameru, na alikuwa ameanza kuhesabu mambo yaliyokuwa mbele yake: jani, fundo, koti lake mwenyewe. Akamvuta Kiunga shati.

"Usishtuke," akanong'ona. "Tumeposa."

"Tumeposa nani?"

"Angalia ukutani."

Kupitia mlango uliokuwa wazi, ukutani sebuleni, kulikuwa na picha ya Maxine na kofia ya mahafali, anamtazama Kiunga moja kwa moja.

Nisiwafiche. Moyo wa Kiunga uliruka kwa furaha kabla haujaruka kwa hofu. Kwa dakika ile alikuwa mchumba wa Maxine, posa yake imeliwa na kukubaliwa, na hakuna mtu aliyemnyang'anya kitu. Angependa dakika ile irefuke.

Haikurefuka. Gari kubwa jeusi likaingia kwa honi, likasimama katikati ya ua. Akashuka bwana mmoja wa suti, viatu vinang'aa, na nyuma yake dereva amebeba sanduku jeupe pe.

"Wazee wangu, samahani!" bwana akasema. "Pancha mbili kutoka Timau. Mimi ndiye Kiambi."

Mzee Kailemia akamtazama Kiambi. Akamtazama Kiunga. Akatazama mifupa.

"Wewe ndio Kiambi?"

"Mimi mwenyewe. Na hii hapa ndiyo ncoolo." Akaweka sanduku mezani, akavuta kifuniko. Kwii!

Kiunga aliisikia mpaka kwenye fizi. Ilikuwa foam, nene kama tofali. Kiambi ni msimamizi wa ghala la mboga huko Timau, na sanduku la namna hiyo ndimo hufungiwa mboga za kusafiri mbali. Ndani yake miraa ilikuwa imelala uchi, bunda zima, imezungukwa na barafu.

"Jani liko wapi?" Hezekiah akauliza.

"Jani ni mambo ya kitambo, mzee. Hii inatunza baridi. Gusa uone."

"Mimi naulizia jani, wewe unaniambia baridi." Hezekiah akageukia wenzake. "Huyu ametuletea posa ndani ya jeneza."

"Lakini tulizungumza na mzee!" Kiambi akapaza sauti. "Na huyu ni nani?"

"Huyu tumekula yake," mzee asiye na meno akasema. "Na ikishaliwa imeliwa."

Na hapo ndipo pikapu ya kaunti ilipoingia. Maxine akaiegesha kando ya gari jeusi, akashuka, na kitu cha kwanza alichokiona ni majani ya mgomba yametapakaa mezani. Akasimama. Uso wake wote ukafunguka. Akamtazama Kiunga kwa namna ambayo kijana wa watu alikuwa ameingoja tangu lile benchi la kanisa.

"Jani," akasema taratibu. "Kiunga, ulitumia jani."

Kisha akaliona sanduku.

"Na hii?"

"Yangu, mpenzi," Kiambi akasema.

"Mpenzi wa nani?"

Ilibidi Mzee Kailemia aeleze. Alieleza akitazama viatu vyake, na mkewe, Mama Veronicah, alikuwa ametoka jikoni na mwiko, kwa hiyo alieleza kwa ufupi.

"Baba," Maxine akasema, sauti inatetemeka, "umeniposesha kwa simu, kama mtu ananunua ng'ombe?"

"Nilitaka iwe saprais," mzee akasema.

Mama Veronicah akasema neno moja la Kimeru ambalo gazeti hili halichapishi.

Hezekiah akainua mkono. "Maneno isiwe mingi. Kulikuja vijana wawili. Wa kwanza ameleta jani, tumekula. Wa pili ameleta hiyo kitu kaunti imekataa. Mwenye foam ameanguka. Mwari, ukitaka yule wa jani, sema. Ukimkataa pia, sema. Hakuna mtu atakulazimisha nikiwa hapa."

Maxine akamsogelea Kiunga. "Ulileta kama posa?"

"Nilileta kama chakula," Kiunga akasema. Sijui aliyatoa wapi maneno yaliyofuata, maana hata yeye yalimshangaza. "Lakini ningejua inawezekana, ningeileta kama posa miaka mingi iliyopita."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Maxine hakuguna, lakini hakurudi nyuma.

"Basi nakuuliza swali moja mbele ya baba yangu," akasema, "na utakachojibu nitakiamini. Uko na foam?"

Ona sasa mtego huo, msomaji. Dari ya Kiunga ilikuwa tupu, kibanda kitupu, mikono mitupu. Angesema "sina" na jua lingezama akiwa mkwe wa boma lile. Nyuma ya bega la Maxine, Ahmednoor alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: sema huna, sema huna.

Lakini Ahmednoor hakuwa ameyatoa magunia. Hakuweza, kwa sababu dereva wa Kiambi alikuwa ameegemea ile pikapu akichokonoa meno, na mkono wake mwingine ulikuwa unachezea kamba ya turubai, kama mtu asiye na kazi. Na hata kama dereva hangefungua, kesho yadi wangefungua. Kiunga akamwona Maxine amesimama mbele ya wakubwa wake, haelewi foam imetoka wapi, anaapa, na hakuna anayemsadiki.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kiunga ilikuwa imefika mwisho wake.

"Ninayo," akasema.

Ahmednoor akafunika uso.

"Nilikuwa nayo darini. Nilikudanganya siku ile ya kwanza, nikakudanganya leo asubuhi. Sasa iko nyuma ya gari lako, chini ya turubai. Wewe hukujua. Nakwambia sasa ili uitoe kabla hawajakukagua kesho."

Uso wa Maxine, uliokuwa umefunguka, ukafungwa taratibu, na Kiunga aliona kila sehemu yake ikifungwa. Iliuma kuliko mafuta ya moto.

Aliyetangulia kusogea ni Kiambi. Suti na yote, aliruka kama mbuzi, akamsukuma dereva wake, akang'oa kamba na kulivuta turubai. Gunia moja likafunguka mdomo, mikebe myeupe ikamwagika uani na upepo ukaanza kuipeperusha. Simu ilikuwa imeshatoka mfukoni.

"Wakenya wenzangu, jioneeni wenyewe!" akaiambia simu. "Gari la kaunti! Boma la afisa wa kaunti! Na hii ndiyo foam wanayowanyang'anya mama mboga na watu wa chipsi! Inaletwa nyumbani! Na afisa mwenyewe ndiye yule pale!"

"Zima hiyo kitu!" Mama Veronicah akapiga kelele na mwiko juu.

Kiambi akaizima, akatabasamu, akapangusa suti. "Bado sijaituma, mama. Mimi ni mtu wa mapatano. Ncoolo yangu ikubaliwe leo, hapa, mbele ya wazee hawa, na video hii inafutika mkiwa mnaangalia. Sanduku langu nalo lisahaulike. La sivyo, kabla hamjanywa chai, Meru yote na Embu itakuwa imeiona."

"Maxine, mimi nitasema ni zangu!" Kiunga akalia. "Nitakwenda mwenyewe kaunti! Nitaapa!"

"Utaapa?" Maxine akamgeukia. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nani atakuamini ukiapa, Kiunga? Siku zote ulizonidanganya nilikuwa salama. Leo umesema ukweli mara moja, umenimaliza."

Kiunga akainama kuokota mikebe iliyokuwa ikikimbizwa na upepo.

Maxine akapita mbele yake. Akaenda mezani, akasukuma majani ya mgomba pembeni, akainama juu ya lile sanduku jeupe. Akalitoa bunda la miraa la Kiambi, likidondosha maji ya barafu, akalibeba kwa mikono miwili, vile binti hubeba kitu alichokikubali.

"Mwari," Hezekiah akasema kwa upole, "hakuna mtu amekulazimisha."

Maxine alitembea hadi mbele ya baba yake, akapiga goti, akamnyooshea bunda. Kiambi akakaza tai. Na Mzee Kailemia, asiyejua atazame wapi, akanyoosha mikono kulipokea, mikono ambayo bado iling'aa mafuta ya chipsi za Kiunga. Jumamosi ijayo, msomaji, tutajua kama bunda lilifunguliwa.